Dereva Aliyepima kwa Mkono

Mzee Shimba hakubeba kitu chochote kabla ya kukinyanyua kidogo na kukirudisha chini. Iwe ndoo ya maji, iwe kreti ya soda, iwe kuku aliyefungwa miguu, alikamata, akainua inchi mbili tatu, akatulia kama mtu anayesikiliza, akashusha. Ndipo akabeba. Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza mwaka 1994, siku alipokuja kuomba kazi kwetu, kwa begi lake mwenyewe la nguo. Mara ya mwisho ilikuwa Desemba 1999, kwa begi langu. Alifariki miezi mitatu baadaye. Walionipa habari walisema kwamba hata wodini, kabla ya kunywa uji, alikinyanyua kikombe na kukirudisha mezani, na wauguzi wakadhani mikono imeishiwa nguvu.

Alizaliwa Misungwi, kwenye familia ya wakulima wa pamba. Chama cha ushirika kilimwajiri akiwa kijana, kikamweka kwenye mizani ya magari, ile mizani mikubwa ambayo lori linapanda zima zima na mzigo wake. Alikaa hapo miaka tisa akiandika kilo za malori, matrekta na matela yaliyoleta pamba kiwandani, kabla hajapewa usukani. Alisema kwamba mwaka wa nne aliacha kuitazama sindano ya mizani. Aliangalia springi za gari zilivyojikunja, akataja namba, kisha ndipo akaangalia kama mizani nayo inakubali.

Mwaka 1993, biashara ya pamba ilipokuwa inafunguliwa kwa watu binafsi, chama kilipunguza wafanyakazi. Hakuna aliyemwita ofisini. Majina yalibandikwa ukutani nje ya ghala, mahali ambapo wakulima walipanga foleni, na wakulima ndio waliomsomea jina lake. Siku hiyo alikuwa amemshikia mwenzake zamu kwenye mizani, lori likiwa juu yake. Alimaliza kuandika kilo za lori lile, akafunga kalamu, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mimi ndiye niliyemhoji kwenye mradi wetu wa afya ya mama na mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, muuguzi msimamizi wa kliniki inayotembea, na nilihitaji dereva. Aliyajibu maswali yangu yote kwa kifupi. Mwishoni nikamuuliza kama ana neno.

“Ninalo moja, Sista,” alisema. “Nimepunguzwa mara moja. Sitaki kupunguzwa mara ya pili. Nifukuze kwa kosa langu, nitaondoka. Lakini jina langu lisibandikwe tena ukutani.”

Nikamwambia kwamba mradi ulikuwa na fedha za miaka sita. Sikuwa na mamlaka ya kuahidi zaidi ya hapo, na sikuahidi. Lakini najua alilichukua jibu langu kama ahadi.

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, yeye akaitika marahaba, kisha akasimama wima kupokea maagizo yangu ya siku. Hatukuona ajabu. Ofisi nyingi za Mwanza zilikuwa hivyo.

Mwanzoni tulitembea na Landrova ndefu ya zamani, tukitandika mikeka na kupima watoto kwenye madarasa ya shule. Mwaka 1995 kampuni moja ya barabara ilimaliza kazi yake, na mhandisi wake, akirudi kwao, akatupatia karavani aliyokuwa akilala ndani yake. Ilikuwa nyumba nyeupe ya magurudumu mawili, yenye pazia madirishani, sinki dogo na kabati za mbao nyepesi. Fundi wa mjini alitoboa mlango mwingine upande wa nyuma na kuweka ngazi, ili wagonjwa waingie huku na sisi tukae kule. Tulipanga ndani kitanda cha kuzalishia, jenereta, tangi la maji, friji ya chanjo, mitungi ya gesi, mabenchi na maboksi ya dawa. Watu wa mradi walipiga picha. Okeyo, dereva wetu wa pili, kijana wa Tarime aliyekuwa na maneno mengi, alisema tulibakiza kiti cha kinyozi tu.

Mzee Shimba hakupiga picha. Alichutama mbele ya karavani, akaifuta kwa kidole sahani ndogo ya bati iliyopigiliwa hapo, akasoma. Karavani tupu, kilo elfu moja na hamsini. Mwisho wa uzito, kilo elfu moja na mia tano. Akaja kuniomba ruhusa ya kuipeleka kiwandani kwenye mizani yake ya zamani. Nilimuuliza kuna haja gani, kwa kuwa Landrova ilikuwa inaivuta bila shida.

“Landrova inaivuta,” alisema. “Lakini magurudumu yake hatujayauliza.”

Nilikwenda naye. Waliobaki kwenye mizani walimpokea kwa kelele, wakamtania kwamba Mzungu amemwachia nyumba lakini amesahau kumwachia kiwanja. Karavani ilipanda. Mzee Shimba alikuwa ameshaniambia kilo elfu moja mia sita na hamsini. Mizani ilisema elfu moja mia sita na arobaini.

Kisha akafanya jambo ambalo nilikuja kuliona mara nyingi baadaye. Aliomba mizani yetu ya kupimia wajawazito. Akaiweka chini, akaweka tofali hatua chache pembeni yake, akalaza ubao juu ya tofali na mizani, akautua ulimi wa karavani, ile nondo ya mbele inayofungwa kwenye gari, juu ya ubao, karibu na tofali, mahali alipopima kwa futi. Mizani ilionyesha hamsini na nne. Akasema mara tatu, mia moja na sitini na mbili. Alinieleza kwamba mizani yangu ingevunjika kama angeiwekea ulimi wote, kwa hiyo tofali limebeba sehemu mbili, mizani sehemu moja. Na kwamba tela la magurudumu mawili linatakiwa kulala mbele kidogo, liegemee gari kwa sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Likiegemea zaidi ya hapo, gari linainua pua na usukani unakuwa mwepesi. Likiegemea pungufu, mkia unakuwa mzito kuliko kichwa.

“Mkia ukizidi kichwa, Sista, siku ya mteremko tela ndilo litakaloendesha.”

Siku ileile alianza kuipunguza. Tangi la maji lisafiri tupu, tujaze tukifika, kwani ziwa lipo kila mahali tunapokwenda. Mtungi mmoja wa gesi badala ya miwili. Mabenchi yabaki, kila kijiji kina mabenchi. Jenereta ihame kutoka nyuma ikae mbele ya ekseli, kufidia maji na gesi vilivyokuwa mbele. Alipomaliza, karavani ilikuwa na kilo elfu moja mia nne na sabini. Akaandika orodha ya vitu na mahali pa kila kimoja, kwa herufi kubwa za mtu wa mizani, akaibandika ndani ya mlango wa nyuma. Hakuna kitu kilichoingia bila kunyanyuliwa na yeye. Suzana, mhudumu wetu, alimtania kwa hilo kila safari. Aliwahi kumuuliza kama hata wakati wa kuposa alianza kwa kumnyanyua binti wa watu.

“Nilimnyanyua,” alijibu Mzee Shimba. “Ndiyo maana kitanda nilichonga cha mninga.”

Mwaka uliofuata Landrova ilipigwa mnada. Magari ya zamani yote ya mradi yalipigwa mnada, kwa sababu barua ya wafadhili ilisema kuyatunza ni hasara, na Landrova ikanunuliwa na Machibya, mtu aliyekuwa akikusanya sangara kwenye mialo ya wavuvi kwa ajili ya viwanda vya minofu. Ikapakwa rangi, ikaanza kubeba maboksi ya samaki na barafu. Sisi tulipewa pikapu mpya ya Kijapani yenye milango minne, viti vya kitambaa na redio. Okeyo aliizunguka akipiga matairi teke.

“Mzee, hii inavuta hata nyumba ya matofali,” alisema.

“Kuvuta si kazi,” Mzee Shimba alisema. “Kazi ni kusimama.”

Alikaa kwenye gari akasoma kitabu chake chote, jioni mbili. Pikapu ilikuwa nyepesi kuliko Landrova. Kitabu kilisema ivute mwisho kilo elfu moja na mia tano, na tela liwe na breki zake. Breki za karavani zilikuwa za waya, na waya mmoja ulikuwa umeshika kutu. Aliutengeneza mwenyewe, akaujaribu, akaniambia kwamba kwa kilo elfu moja mia nne na sabini, mzigo ukiwa umekaa vizuri, tutakwenda. Nafasi iliyobaki ilikuwa kilo thelathini. Aliniambia hiyo hainitoshi hata mimi na mkoba wangu nikiamua kulala kwenye tela. Sikucheka, ila nilielewa.

Tulikwenda hivyo zaidi ya nusu mwaka. Magu, Misungwi, na ng'ambo ya kivuko upande wa Sengerema. Hakuna lililotokea. Naona ni vizuri kulisema hilo, kwa kuwa watu wakisikia habari ya ajali hudhani ilikuwa njiani inakuja tangu mwanzo. Ile haikuwa inakuja. Ilizuiliwa kila asubuhi na mtu mmoja aliyekuwa akinyanyua maboksi.

Februari 1997 tulikuwa Lugasa, kijiji cha kando ya ziwa ng'ambo ya kivuko. Mke wa kijana mmoja wa pale alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni, na akajifungulia ndani ya karavani, mtoto wa kiume. Nilipotoka nje nikiwa na mtoto kwenye kanga, kabla sijarudi kumpima, Mzee Shimba alinyoosha mikono. Nilimpa. Alimnyanyua kidogo, akamshusha kidogo, akanirudishia.

“Kilo tatu kasoro,” alisema.

Alikuwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Bibi yake mzaa baba, mwanamke mrefu aitwaye Kashindye, alikuwa amewapoteza wajukuu wawili kabla ya huyo, wote waliozaliwa nyumbani. Alisimama kwenye ngazi akaigusa karavani kwa kiganja, kama mtu anavyogusa ng'ombe anayetaka kumnunua.

Tulirudi Lugasa mwezi uliofuata. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa mwaka ule na kwenye nyumba nyingi chakula kilikuwa kinapimwa kwa kikombe. Masika ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Tulifanya kazi mpaka saa tisa. Mwisho wa foleni alikuja mjamzito aliyevimba miguu na uso, kichwa kikimuuma, macho yakiona giza, na presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba nilipima mara mbili. Ilibidi afike hospitali mjini siku ileile. Kivuko cha mwisho kilikuwa saa kumi na mbili. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, na ndugu zake wawili wakapanda nyuma na mizigo yao na baiskeli, maana hakuna mgonjwa anayekwenda mjini peke yake.

Tulipokuwa tunafunga, Kashindye alifika. Nyuma yake walikuwa wanaume wa ukoo wake na magunia matatu ya mpunga, mpunga wa mwaka uliotangulia, na mbuzi. Wanawake walikuja wakipiga vigelegele. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake.

Kwa watu wa kule zawadi ya namna ile hupakiwa na mikono ya mwenye kuitoa. Mgeni hasogei, hashiki, hapangi. Anasimama pembeni na kushukuru. Ukiigusa kabla hujaondoka machoni pao ni kama unaihesabu, na ukiirudisha hata sehemu unasema kwamba yule ambaye imetolewa kwa ajili yake hastahili kiasi hicho. Na huyo alikuwa mgongoni pale kwa mama yake, amelala. Nilizaliwa Shirati, mila zetu si zao, lakini hilo nililijua bila kuelezwa.

Wanaume walipanda ngazi ya mlango wa nyuma wakayatua magunia pale pale ndani ya mlango, moja juu ya jingine, kwa sababu mbele kulikuwa na kitanda na maboksi na hawakutaka kuvuruga vitu vya hospitali. Mbuzi akafungwa juu ya magunia. Orodha ya Mzee Shimba ilikuwa imebandikwa hatua moja kutoka hapo.

Alikuja kando yangu. Aliongea polepole, akitazama chini, watu wasimsikie.

“Sista, hayo ni kilo mia mbili na arobaini, na yamekaa mkiani. Niruhusu niyalete mbele ya ekseli. Au moja twende nalo, mawili tuje kuyachukua.”

“Si mbele ya watu, Mzee. Usiniaibishe.”

“Basi tukitoka kijijini tusimame.”

Nilisema sawa. Nilimshukuru Kashindye kwa mikono miwili, nikamshika mtoto, tukaondoka huku wanawake wakitusindikiza mpaka kwenye mwembe wa mwisho wa kijiji. Kilomita moja mbele Mzee Shimba alipunguza mwendo ili asimame. Nilikuwa nimekaa nyuma, kichwa cha mgonjwa kikiwa mapajani mwangu. Mikono ya mgonjwa ilikuwa imeanza kutikisika, dalili ya kifafa cha mimba. Saa yangu ilisema kumi na robo. Kuhamisha magunia yale, kwanza kutoa maboksi, ingechukua nusu saa.

“Usisimame,” nilimwambia. “Twende tuwahi kivuko.”

Alinitazama kwenye kioo. Alikuwa na haki ya kusimama, yeye ndiye aliyekuwa dereva. Akaendelea kwenda. Aliendesha taratibu kuliko kawaida yake, na kwenye kila kilima niliona mabega yake yakipanda.

Ilikuwa kwenye mteremko wa mwisho kabla ya ziwa, changarawe iliyolowa. Nilisikia kwanza, sikuona. Kitu kilitupiga kiuno kutoka nyuma kwenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Suzana, aliyekuwa amekaa mbele, alishika dashibodi akaanza kusali. Mzee Shimba hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani wima, akangoja itulie. Karibu itulie. Kisha barabara ikakata kona ndogo, si kona ya kutisha, na karavani haikukata nayo. Ililala ubavu, ikavuta mkia wa pikapu mpaka kwenye mtaro.

Halafu mbuzi akalia.

Mzee Shimba alivunjika mfupa wa bega la kulia. Ndugu wa mgonjwa walichubuka. Suzana alipasuka mdomo. Mimi na mgonjwa hatukuumia. Karavani ilipasuka upande mzima kama boksi lililokanyagwa, na mpunga ulimwagika barabarani karibu mita kumi. Watu walitoka kwenye mashamba. Nilidhani watauchukua, mwaka ule nisingewalaumu. Waliuzoa kwa viganja na kanga, wakaurudisha kwenye magunia wakayasimamisha karibu yetu. Mzee Shimba alikuwa ameketi kwenye tuta, bega lake limefungwa kwa kanga ya Suzana. Aliinuka, akaenda kwenye gunia moja moja, akanyanyua kidogo pembe ya kila moja kwa mkono wa kushoto.

“Debe moja halijarudi,” alisema. Hakuwa akisema na mtu.

Gari la kwanza kufika lilikuwa Landrova yetu ya zamani, ikiwa na maboksi ya samaki, inakwenda kivukoni. Dereva wa Machibya alimpakia mgonjwa juu ya maboksi, nami nikapanda naye. Tuliwahi kivuko. Yule mama alifika hospitali kabla ya saa mbili, akajifungua, wakaishi wote wawili. Nalitaja kwa sababu watu huuliza.

Wiki iliyofuata mratibu wa mradi alitaka taarifa ya maandishi. Mradi ulikuwa na kanuni kwamba gari lake halibebi mzigo wa raia. Kanuni hiyo ilinihusu mimi, msimamizi wa safari, si dereva. Nilijua pia kwamba fedha za mradi zilikuwa zimepungua na kabla ya Julai orodha ya kupunguza wafanyakazi ingetoka, kwamba madereva walikuwa wawili, na kwamba angebaki mmoja. Mzee Shimba naye alijua. Kila mtu alijua. Kabla ya ajali hakukuwa na swali ni yupi angebaki.

Alikuja ofisini, mkono ukiwa kwenye kombeo. Nilimwamkia, akaitika. Aliniambia nisiandike mwendo kasi, kwa sababu hakuwa na mwendo kasi. Zaidi ya hapo hakuniomba neno.

Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba magunia matatu ya mpunga, takriban kilo mia mbili na arobaini, yalipakiwa nyuma ya ekseli na wanakijiji. Kwamba uzito ulizidi kiwango cha karavani na cha gari. Kwamba barabara ilikuwa imelowa. Kwamba mwendo haukuwa mkubwa. Na kwamba mzigo haukupangwa upya kabla ya kuteremka kilima. Hakuna sentensi ya uongo ndani yake. Sikuandika ni nani aliyesema tusisimame.

Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume ambaye kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Nimejiambia hilo mara nyingi, na ni kweli.

Nilimpa asome kabla sijaisaini. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena. Nilikuwa nikitazama dirishani, nje Okeyo alikuwa anaosha pikipiki ya mhasibu.

“Kilo umeziandika sawasawa,” alisema.

Akaiweka mezani. Nikasaini.

Orodha ilitoka Juni. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, mahali ambapo kina mama wa kliniki walikaa wakisubiri. Nilitaka kumwambia kabla, na nilikuwa na asubuhi nzima ya kumwambia. Nilipotoka nje alikuwa ameshasimama pale. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimuuliza karatasi inasema nini. Akamsomea majina yote, na lake alilisoma kwa sauti ileile. Kisha akaenda kwenye gereji, akarudisha jeki na spana kwa hesabu, akaondoka kwa miguu. Okeyo hakutania mtu siku ile. Alibaki dereva peke yake wa gari ambalo halikuwa tena na kitu cha kuvuta.

Mradi ulifungwa miaka miwili baadaye, mapema kuliko nilivyomwambia Mzee Shimba siku ya kumhoji. Mimi nilipata nafasi ya kufundisha chuo cha uuguzi nje ya mkoa.

Yeye alikuwa Buzuruga, karibu na stendi, kwenye benchi la fundi wa kuziba pancha. Nilisikia habari zake kabla sijamwona. Magari ya mitumba yalikuwa yamejaa mjini, kila aliyenunua pikapu alitaka kuifungia tela avute samaki, matofali au soda, na wenye akili walipita kwanza kwa Mzee Shimba. Alikuwa na ubao wake, tofali lake, na mizani ndogo ya kusimama aliyoipata sijui wapi. Alikataa magari mengi kuliko aliyoyakubali. Walisema anapomwambia mtu kwamba gari lake halitaweza, mwenye gari hubisha, hutukana, huondoka, kisha hurudi kesho yake kuuliza lipi litaweza. Usukani hakuushika tena. Bega lilipona vibaya, lakini fundi wa pancha aliniambia si bega lililomzuia. Aliitwa mara tatu kuendesha na akajibu kwamba yeye ni mtu wa mizani.

Nilipita hapo Desemba 1999 nikienda kupanda basi. Nilikuwa nimepita stendi ile mara nyingine mbili nikashika njia ya upande wa pili. Siku hiyo aliniona kwanza. Alisimama. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za watoto, nikamwambia wanaendelea. Nikauliza za nyumbani kwake, akasema hawajambo. Fundi wa pancha alinipisha kwenye benchi lakini sikukaa.

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miaka miwili na nusu. Niliyajua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyojua somo. Nilianza kusema, “Mzee Shimba, ile taarifa…” na kondakta wa basi langu akapiga ubavu wa basi kwa kiganja akiita abiria. Mzee Shimba aliinama, akalikamata begi langu, akalinyanyua kidogo, akatulia, akalishusha. Kisha akalibeba kwa mkono wa kushoto mpaka kwenye mlango wa basi, akampa kondakta, akamwonyesha mahali pa kuliweka. Alisimama chini ya dirisha langu mpaka injini ilipowaka. Basi lilipoanza kusogea alitembea nalo hatua mbili tatu, mkono kwenye bati.

“Sista,” alisema, “yule mtoto wa Lugasa sasa atakuwa na kilo kumi na tatu.”